Jiwe Lililoitwa Mayu

Nilirudi kwetu kwa gari la serikali, dereva mbele na mimi nyuma, viatu vya kisigino miguuni na stashahada ya ualimu kutoka ng'ambo ndani ya mkoba. Nakwambia hili mapema, ndugu yangu, kwa sababu niliondoka pale nikiwa pekupeku, na katika vilima vile vya upande wa Bulyanhulu simjui mwanamke mwingine wa rika langu aliyeondoka pekupeku akarudi na dereva. Kama yuko, ajitokeze tupeane mkono.

Tulipofika bondeni nilimwambia dereva asimame. Palikuwa na bwawa la maji mekundu, ng'ombe wamejipanga kandokando, na kijana mchungaji ameegemea fimbo yake. Nilishuka, nikainama kuchota maji kwa kiganja. Yule kijana akaja mbio.

"Shikamoo mama. Usiyanywe hayo! Maji ya Mayu ni ya ng'ombe, binadamu yanamuumiza tumbo."

"Marahaba. Kwa nini panaitwa Mayu?"

"Sijui, mama. Sisi tumepakuta panaitwa hivyo. Labda kwa kuwa panawanyonyesha hawa." Akawaonyesha ng'ombe kwa kidevu, akacheka mwenyewe kwa mzaha wake.

Mimi sikucheka. Mayu kwa Kisukuma ni mama mzazi. Na mayu aliyeliachia bwawa lile jina alikuwa wangu.

Miaka ile ya thelathini hapakuwa na bwawa. Hapo ndipo ulipokuwa mji wetu: nyumba za msonge zilizoezekwa nyasi, ua wa minyaa kuzunguka, na zizi katikati. Asubuhi niliamshwa na jiwe la kusagia. Bibi, mama yake baba, alisaga mtama kabla jua halijatoka, na sauti ile nzito ya jiwe juu ya jiwe ndiyo iliyonieleza kwamba siku hiyo tutakula. Kulikuwa na sauti ya kibuyu cha maziwa kikisukwasukwa mpaka siagi ijitenge. Kulikuwa na harufu ya mavi ya ng'ombe mabichi, ambayo wewe wa mjini utaikunjia pua, lakini mimi naipenda mpaka leo. Viazi vitamu vilikatwa vipande vikaanikwa juu ya mwamba vikawa michembe, na kazi yangu ilikuwa kuwafukuza mbuzi wasivile. Niliifanya vizuri sana. Sijawahi kupewa kazi nikaifanya vibaya.

Mdogo wangu wa kiume hakuwa akisema. Kusikia alisikia, ukinong'ona neno "maziwa" nyuma ya nyumba, alikuja. Lakini maneno hayakutoka. Alikuwa na sauti moja tu, fupi na nzito, kama ya mtu anayejaribu kuinua gogo peke yake. Na kwetu kusalimiana si jambo la kupita. Mdogo huinama, mkubwa humuuliza ukoo wake, naye hujibu, huulizwa ya nyumbani, naye hujibu tena, mpaka mgeni ajue kwamba amefika kwa watu. Mtoto asiyejibu amemtukana mgeni. Wageni walimsalimu mdogo wangu, wakangoja, wakanuna. Walipoambiwa ni bubu waliacha kununa, wakasogeza vigoda vyao mbali naye. Mimi naona hilo lilikuwa baya zaidi.

Shangazi yetu aliyeolewa Kagongwa alikuja mara kwa mara na maoni yake. "Ulimi anao," alisema. "Nimeuona kwa macho yangu. Anautumia kulamba maziwa, kuongea ndiyo hataki."

"Basi muazime wako," Bibi alimjibu. "Wewe unao wa ziada."

Mama alifariki mdogo wangu akiwa hajaacha vizuri kunyonya. Alizikwa ukingoni mwa mji, nyuma ya zizi, na wanawake wa ukoo wakabeba mawe kwa vikapu, huyu kutoka mtoni, yule kutoka mlimani, mwingine kutoka njiani alikopita. Wakayapanga juu ya kaburi ili fisi wasifukue. Tangu hapo mdogo wangu akawa wa Bibi, na wangu.

Siku moja alilia tangu ng'ombe walipotoka mpaka waliporudi. Tulimpa maziwa, akayasukuma. Tulimkanda tumbo, akatupiga mateke. Jioni Bibi alimlaza mapajani akamchungulia sikioni, akatoa mdudu aliyekuwa amezama humo kutwa nzima. Bibi alimwangalia yule mdudu kwenye kiganja. Kisha akasema, "Mdomo sina wa kumpa. Nitampa kitu cha kushika."

Alikata ukanda kwenye ngozi ya ng'ombe, akaulainisha kwa samli, akaanza kuufunga vitu. Kipande cha kibuyu kilikuwa maji. Kipande cha mwiko uliovunjika kilikuwa chakula. Mwiba wa mgunga, uliokatwa ncha, ulikuwa maumivu, na ilimpasa auweke pale panapouma. Nywele za mkia wa ng'ombe zilikuwa baba, kwa sababu baba alikuwa malishoni siku zote. Kipande cha mkeka kilikuwa usingizi. Ushanga wa buluu nilikuwa mimi. Nilijivunia sana kuwa ushanga, kwa maana ndicho kitu pekee kwenye ukanda ule kilichonunuliwa dukani.

Kitu kimoja mdogo wangu alijichagulia mwenyewe. Alikwenda kaburini kwa mama akaokota jiwe, dogo kama yai la kanga, jeupe, lenye michirizi ya rangi ya kutu, akamletea Bibi na kujigonga nalo kifuani. Bibi akaelewa ni mama. Jiwe halitobolewi kwa sindano, kwa hiyo alilisukia kitanzi cha ngozi, akalibana humo. Hilo likawa Mayu.

Usidhani mtoto alivalishwa ukanda akaanza kusimulia hadithi. Kwa miezi aliuburuta tu. Bibi akatoa amri kwamba nyumba nzima itaongea ukanda. Yeye mwenyewe akitaka maji aligusa kwanza kile kipande cha kibuyu kiunoni mwa mtoto, kisha ndipo akatamka. Baba naye, mtu mzima mwenye ndevu, ilimbidi achutame kugusa mwiko ndipo apewe ugali. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Miaka mingi baadaye, ng'ambo, mwalimu wetu wa chuo alituuliza mtoto asiyesema afundishweje ishara. Nilisimama mimi. Nikaeleza kwamba wote wanaomzunguka waanze kuzitumia ishara hizo wao wenyewe, kwa sababu hakuna mtoto anayejifunza lugha isiyosemwa na mtu. Nilipata alama za juu kuliko wote, na sioni aibu kulisema.

Sentensi yake ya kwanza ilikuwa ya kunishtaki. Alimwendea Bibi akagusa ushanga, akagusa mwiko, kisha akaonyesha kwa kidole chungu cha michembe tuliyokatazwa. Dada amekula. Bibi alinichapa huku anacheka na machozi yanamtoka, na mimi nililia huku nacheka, maana mdogo wangu alikuwa amesema kitu, na kilikuwa kweli.

Nje ya ua mambo yalikuwa mengine. Watoto wenzetu walimwimbia, "Ndama kakata kamba! Ndama kakata kamba!" Jirani mmoja alisema wazi kwamba zile ni hirizi na kwamba Bibi anamfuga mtoto kwa uchawi. "Hirizi hufichwa," Bibi alimwambia. "Huyu anamwonyesha kila mtu. Njoo uulize uone kama hatakujibu." Jirani hakuja. Hakuna aliyekuja. Hilo ndilo lililomtesa Bibi. Sisi tungekufa siku moja, na mtoto angebaki na lugha isiyojuliwa na mtu mwingine duniani. Alitaka mgeni mmoja tu, mmoja, amuulize mtoto jambo naye ajibu. Kila mgeni alipoingia uani Bibi alimsukuma mdogo wangu mbele kidogo, na kila mgeni alisogeza kigoda.

Halafu, kiangazi kilichofuata baada ya nzige kula mtama wetu wote, wakaja watafuta dhahabu. Mzungu mmoja, mahema, wapagazi, na mnyapara aliyetoka pwani msimu uleule, mtu mwembamba wa kofia ya viua na sauti ya upole. Waliomba maji mjini kwetu. Yule mnyapara alipomwona mdogo wangu alifanya jambo ambalo hakuna mgeni aliyewahi kulifanya. Alichutama mbele yake.

"Hujambo bwana mdogo? Mbona umebeba duka zima kiunoni?"

Wakati ule sikukijua Kiswahili, leo nakifundisha. Maneno yale tulitafsiriwa baadaye na mpagazi. Lakini upole hauhitaji tafsiri. Mdogo wangu alimsogelea. Mnyapara akashika kipande cha kibuyu, akainua nyusi kuuliza. Mdogo wangu akaelekeza mtungi wa maji. Mnyapara akacheka, akashika mwiko. Mdogo wangu akagusa mdomo. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, mikono yote miwili mdomoni. Kisha yule mtu akashika jiwe, akaligeuzageuza juani, na kicheko kikakatika.

"Na hili?"

"Mayu," Bibi alisema.

"Mayu?"

"Mayu."

"Mayu iko wapi?"

Kiswahili Bibi alikijua maneno mawili tu, aliyofundishwa na makarani wa serikali: "kodi" na "wapi". Basi alielewa. Mgeni ameuliza mayu yuko wapi. Akamtazama mdogo wangu, akamwachia yeye ajibu. Na mdogo wangu akamshika mnyapara kidole, akamwongoza nyuma ya zizi, akamsimamisha mbele ya lile rundo la mawe, akajigonga kifuani. Lilikuwa jibu kamili. Mtu yeyote wa kwetu angeinamisha kichwa akasema pole. Mtu wa pwani alidhani Mayu ni jina la mahali.

"Bwana!" alipaza sauti. "Bwana, njoo! Mtoto ameonyesha!"

Mzungu alikuja na kisu kidogo. Alilitoa jiwe kwenye kitanzi kwa kulibonyeza, taratibu, bila ukatili, kama mtu anayetoa mbegu kwenye tunda. Bibi alinyoosha mkono, maana kwetu mgeni akitazama kitu cha mwenye nyumba hukirudisha mkononi. Lakini walikuwa na kinu cha chuma. Wakalitia jiwe ndani yake, wakaanza kutwanga.

Mdogo wangu aliposikia kinu alifurahi. Kinu kwake kilikuwa chakula. Aligusa mwiko, akanitazama, akagusa mwiko tena. Kisha akaenda kuchungulia, akaona unga mweupe, akatafuta kiunoni mwake. Alitoa ile sauti yake moja. Unga ukamiminwa kwenye karai, ukaoshwa kwa maji yetu, ukazungushwa na kuzungushwa, mpaka ukabaki mkia mwembamba wa njano, mdogo kama kope. Wote wakainama kuutazama. Mkono wa Bibi ulikuwa bado umenyooshwa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Vigingi vilipigwa, kibao kikasimamishwa, na karani akaandika juu yake jina alilopewa na mnyapara. Vibarua wakaja kutoka kila upande. Ukimuuliza mtu anakokwenda na sururu yake alijibu, "Nakwenda Mayu." Wale wasio Wasukuma hawakujua wanasema nini, na Wasukuma walizoea upesi. Mdogo wangu hakuzoea. Kila aliposikia Mayu, aligeuka kuangalia.

Mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chetu, alikuja kumwambia baba kwamba tuhame na kaburi lihamishwe. Hakupenda kusema maneno yale. Aliyasema akitazama ng'ombe. "Nimeelezwa kwamba ardhi ya juu ni yetu," alisema, "na ya chini ni ya serikali."

"Na mke wangu," baba akamuuliza, "yuko ya juu au ya chini?"

Mwanangwa aliaga akaondoka.

Baba na ndugu zake walimtoa mama alfajiri moja, wakamfunga katika ngozi mpya ya ng'ombe, wakamshusha kwenye ardhi tuliyopewa, chini, jirani na mashimo ya wachimbaji. Mawe hayakurudi. Yote yalitiwa kwenye kinu cha chuma, hata yale meusi ya mtoni. Kaburi jipya tulilifunika kwa matawi ya miiba. Na pale pa zamani walichimba kiangazi kizima, wakafuata kila mchirizi, wasipate kitu. Wangepataje? Jiwe halikutoka pale. Lilibebwa na mwanamke mmoja kwa kikapu, kutoka popote alikopita siku ile ya msiba, na hakuna aliyewauliza wanawake. Mimi leo ningeuliza. Kabla ya mvua walikunja mahema, wakang'oa kibao kwa ajili ya mbao zake, wakatuachia shimo.

Mdogo wangu aliacha kusema. Ukanda alikuwa nao, lakini hakugusa kitu. Bibi alimletea jiwe jingine jeupe, akalitupa. Akamletea la pili, zuri kuliko lile la kwanza, akalitupa mbali zaidi. Ukimpa maji alikunywa, usipompa alikaa. Shangazi wa Kagongwa alikuja, akamtazama, akaketi chini kando yake.

Halafu jioni moja, Bibi akipepeta mtama kidogo tuliopewa msaada, mdogo wangu alikuja akasimama mbele yake. Alishika kile kitanzi kitupu. Akapitisha kidole chake ndani, mpaka kikatokea upande wa pili, akajigonga kifuani.

Bibi aliweka ungo chini. "Amesema," alinong'ona. "Amesema mayu hayupo."

Tangu alipofariki mama, hakuna aliyekuwa amejua kama mtoto yule ameelewa kifo. Sasa tulijua. Jiwe lilikuwa mama, na kitanzi kitupu kilikuwa mama aliyeondolewa. Neno hilo hatukumfundisha. Alilitengeneza peke yake. Nimesoma vitabu vingi kuhusu watoto kama yeye, na nimefungua darasa lao kule Kalangalala, la kwanza nililowahi kulisikia upande huu, lakini sijakutana na neno lililotengenezwa kwa akili kama lile.

Mvua zikaja. Shimo likajaa likawa bwawa, na kule chini tulikohamishiwa mbu walikuwa wengi mpaka ng'ombe walishindwa kulala. Homa ilipita nyumba hadi nyumba. Ilimwacha shangazi aliyekuja kutuuguza, ikaniacha mimi, ikamkamata mdogo wangu. Nataka ujue kwamba hakufa kama siku ile ya mdudu sikioni. Aliweka mwiba kichwani, tukajua ni kichwa. Aliweka mwiba shingoni, tukajua ni shingo. Aligusa kibuyu, tukampa maji. Akagusa mkeka, tukamgeuza alale. Watu wazima wengi wenye ndimi zao wamekufa mikononi mwa ndugu bila kueleweka hivyo.

Mwisho aliutafuta ushanga wa buluu, akaushika kwa muda. Kisha akapitisha kidole katika kitanzi, akakiacha humo.

"Anakuambia wewe ndiye mayu wake sasa," Bibi alisema.

"Hapana, mama," shangazi alisema polepole. "Anamwambia dada yake kwamba na yeye ataondolewa."

Walibishana kwa sauti ndogo, na walipomaliza kubishana hakuwa hai. Nina stashahada, ndugu yangu. Wananiita kutoka mikoani nikawasome watoto ambao wazazi wao wameshindwa kuwasoma, na ninawasoma. Sentensi ile ya maneno mawili sijaimaliza.

Bibi hakukaa sana baada yake. Mji ulihama tena, minyaa ikakatwa, na hata lile kaburi la miiba sikuweza kulipata niliporudi, wala la mdogo wangu lililokuwa ubavuni mwake. Majina ya waliokuwa wakiishi pale nilimtajia yule kijana mchungaji, hakulijua hata moja. Nilimwambia kwamba Mayu alikuwa mtu, mwenye watoto wawili. "Ndiyo, mama," alinijibu kwa adabu, kama unavyomjibu mgeni mwenye gari, kisha akawapigia ng'ombe mluzi.

Ukanda ninao. Umekaa mkobani pamoja na stashahada, na siku ile niliutoa nikasimama nao kando ya maji. Ushanga bado ni wa buluu. Nilitaka kusema neno lile la kitanzi kitupu pale mahali pake, mara moja, kwa lugha yake yeye mwenyewe aliyelitengeneza. Lakini ngozi imekauka miaka yote hii na kitanzi kimejikunja. Nilijaribu kwa kidole cha shahada, nikajaribu kwa kidole kidogo. Hakikupita.